Walio Wachache na Chama cha Siasa cha Dini

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa Waislamu wa Kamwokya, Kampala, na kupigwa chapa katika kitabu hiki cha ukumbusho





Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, maneno ya leo ni juu ya swali moja ambalo halikosi kuzuka kila uchaguzi unapokaribia. Sala ya Isha ikiisha, watu wakabaki barazani, hatakosekana mmoja wa kusema: Wakatoliki walikuwa na chama chao, Waprotestanti walikuwa na chao, na Mwislamu peke yake ndiye asiye na mlango wa kugonga. Kwa nini basi Waislamu wa Uganda nao wasiwe na chama cha siasa kisimamacho kwa jina la Uislamu, kiwatafutie shule, ardhi, kazi na mahakama ya kadhi?

Swali hili si la kipuuzi, wala anayeliuliza si mtu wa fitina. Ni mtu aliyeona mambo yakigawanywa na sahani ikamfikia ikiwa tupu. Yastahili ajibiwe kwa hoja, na hoja zenyewe ziko katika historia ya nchi hii.

Uislamu ulifika katika ikulu ya Buganda zamani za Kabaka Suna, kwa mikono ya wafanyabiashara waliotoka pwani, na masimulizi humtaja Ahmed bin Ibrahim katika mwaka 1844. Kabaka Mutesa wa Kwanza alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa na akataka raia zake wafunge. Wamisionari wa Kiingereza walifika mwaka 1877, na Mapadri Weupe wa Kifaransa wakafuata mwaka 1879. Kwa hiyo Mwislamu wa Uganda si mgeni aliyekuja nyuma ya wengine akaomba nafasi. Lakini dini hizi tatu zilikulia katika ikulu moja, mbele ya mfalme mmoja mwenye vyeo vya kugawa, na muda si muda kila moja ikawa ni kundi la watu wenye bunduki. Wakristo wenyewe hawakuitwa kwa majina ya madhehebu yao tu, bali kwa majina ya mataifa: hawa Waingereza, wale Wafaransa. Yafaa kusema kwamba hivyo ndivyo vilivyokuwa vyama vya kwanza vya siasa katika nchi hii, ila kura zao zilikuwa risasi.

Mwezi wa Oktoba 1888 kundi la Waislamu lilishinda. Wakristo walifukuzwa katika mji mkuu wakakimbilia Ankole, na Kalema akawekwa juu ya kiti cha Buganda. Ushindi huo ulidumu kwa mwaka mmoja na miezi michache. Mwanzoni mwa mwaka 1890 Waislamu walikuwa wamekwisha kushindwa, na Kalema alifariki mwaka ule ule. Walioshinda nao hawakukaa kwa amani, kwani tarehe 24 Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana Mengo, na bunduki ya Maxim ya Kapteni Lugard ikaamua nani awe mkubwa. Tangu siku hiyo cheo katika Buganda kilipimwa kwa dini ya mtu kabla ya kupimwa kwa akili yake.

Mapatano ya mwaka 1900 yaliandika mizani hiyo katika karatasi. Kabaka alipewa maili za mraba 350, misioni zikapewa 92, na Mwanamfalme Nuhu Mbogo, ndugu yake Mutesa wa Kwanza na kiongozi wa Waislamu baada ya Kalema, akapewa maili za mraba 24 kwa ajili yake na wafuasi wake. Katika saza 20 za Buganda, Waislamu walibakiwa na moja tu, Butambala. Huo ndio urithi wa chama kilichotawala kwa silaha kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Atakaye kujua kwa nini babu yake hakuwa na hati ya shamba, na asome Mapatano hayo.

Hata hivyo zile maili 24 zina kisa chake. Mbogo alifariki mwaka 1921, na baada yake mwanawe, Mwanamfalme Badru Kakungulu, ndiye aliyetoa ardhi ya kilima cha Kibuli. Jiwe la msingi la msikiti wa Kibuli liliwekwa mwaka 1941 na Mwanamfalme Aly Khan, na msikiti ukakamilika mwaka 1951. Kuzunguka msikiti huo zikasimama shule, chuo cha walimu na hospitali. Katika miaka ile ile, mwaka 1945, ilianzishwa East African Muslim Welfare Society chini ya Aga Khan, naye akaahidi kuongeza shilingi kwa kila shilingi itakayochangwa na Waislamu. Chama cha elimu cha Waislamu wa Uganda, UMEA, kikachukua kazi ya kusimamia shule. Kazi hizi zilifanywa na watu ambao hawakuwa na mbunge hata mmoja wa kujivunia.

Haja ya shule ilikuwa kubwa. Kabla ya uhuru shule nyingi na zilizo bora zilikuwa za misioni, na mzazi wa Kiislamu aliogopa, si bila sababu, kwamba mwanawe ataingia akiwa Ramadhani na kutoka akiwa Raphael. Wengi waliona heri mtoto abaki nyumbani na dini yake. Matokeo yake yanajulikana: Mwislamu akawa mchinjaji, dereva, mfanyabiashara wa duka na soko, kazi za halali zenye heshima, lakini aliyekaa katika ofisi na kugonga muhuri alikuwa mtu mwingine. Unyonge wa Waislamu wa Uganda ulianzia darasani, na neno hili lisisahauliwe katika yatakayofuata.

Vyama vya siasa vya kisasa vilianza mwaka 1952, pale Ignatius Musazi alipoanzisha Uganda National Congress. Katibu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mwislamu, Abu Mayanja, kijana aliyekuwa angali mwanafunzi wa Makerere. Chama hicho kiliuliza nani anataka uhuru, wala hakikuuliza nani anasali wapi. Lakini mizani ya 1900 haikuwa imevunjika. Ukatikkiro wa Buganda ulikuwa umebaki mikononi mwa Waprotestanti, na mwaka 1955 Matayo Mugwanya, Mkatoliki mwenye sifa zote, aliukosa kwa kura chache tu. Katika hali ya uchungu huo Democratic Party, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1954, ikapata nguvu, na Mugwanya akawa kiongozi wake.

Inampasa kila mwenye kutaka chama cha dini aitazame DP kwa makini, kwani ndiyo mfano ulio karibu zaidi. Haikuwa chama cha ushabiki. Ilizaliwa kwa ajili ya watu walionyimwa haki, na hoja yake, kwamba cheo kisigawanywe kwa dini, ilikuwa hoja ya kweli. Benedicto Kiwanuka, aliyekuja kuiongoza, alikuwa mwanasheria hodari, naye alisema mara nyingi kwamba chama chake ni cha watu wote. Lakini wapinzani walikuwa wamekwisha kukitafutia jina: wakasema herufi zile mbili, D na P, maana yake ni Diini ya Papa. UPC nayo, iliyoundwa mwaka 1960 chini ya Milton Obote, ikatajwa kuwa ni chama cha Waprotestanti. Mwezi wa Machi 1961 DP ilipata viti vingi, kwa kuwa Buganda ilisusia uchaguzi na watu wachache sana wakapiga kura huko. Lakini ukihesabu kura za nchi nzima, UPC ilikuwa imepata zaidi. Mwaka uliofuata UPC ikashirikiana na Kabaka Yekka, na DP ikatoka katika serikali kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa tarehe 9 Oktoba 1962.

Sasa na izingatiwe hesabu hii. Wakatoliki ndio wengi kuliko dhehebu lolote Uganda; sensa ya 2014 iliwahesabu kuwa asilimia 39.3. Chama kilichodhaniwa kuwa chao hakikuweza kuibeba nchi, kwa sababu kila aliyesikia jina la dini katika chama hicho aliuliza: na mimi nitakaa wapi? Waislamu katika sensa hiyo hiyo walikuwa asilimia 13.7. Ikiwa asilimia 39 ilivunjika kwa swali hilo, asilimia 13 itasimamaje?

Yuko atakayejibu kwamba uchache si kikwazo, na kwamba chama kidogo huweza kuuza kura zake kwa bei kubwa. Hoja hii si ya kudharauliwa, maana kuna mahali imefanya kazi. Katika jimbo la Kerala, India, chama cha Muslim League kimeingia katika serikali za mseto mara nyingi, na mwaka 1979 mmoja wa viongozi wake, C. H. Mohammed Koya, alikuwa Waziri Mkuu wa jimbo kwa muda mfupi. Lakini Waislamu wa Kerala ni kiasi cha robo ya watu wa jimbo, na wamekaa pamoja kwa wingi katika wilaya za kaskazini, hasa Malappuram. Chama chao kina mahali ambapo kinashinda chenyewe bila ya kumwomba mtu. Waislamu wa Uganda wametawanyika. Ukiiacha Yumbe katika West Nile, ambako wao ndio wengi, na Butambala ambako wana nguvu ya zamani, wako Busoga kidogo, Mbale kidogo, Masaka kidogo, na katika mitaa ya Kampala kama huu wa Kamwokya, nyumba mbili za Waislamu kisha nne za wengine. Mahali ambapo mshindi wa jimbo ni yule mmoja mwenye kura nyingi, kura zilizotawanyika hivyo haziwezi kujaza hata kikapu kimoja.

Baada ya uhuru lilitokea jambo ambalo halikusifiwa vya kutosha na Waislamu, labda kwa sababu halikufanywa na Waislamu. Kwa sheria ya elimu ya mwaka 1963 serikali ilichukua usimamizi wa shule zilizokuwa chini ya misioni na kupewa fedha za umma, na kuifungua milango yake kwa watoto wa dini zote. Maaskofu wa Kikatoliki walipinga, na kwa upande wao walikuwa na hoja, maana walijenga kwa jasho la waumini wao. Lakini kwa mtoto wa Kiislamu ile ilikuwa siku ya kufunguliwa lango. Hakutakiwa tena kubatizwa ili ajifunze hesabu. Haikuwa sheria ya Waislamu; haikutaja Uislamu kabisa. Ilikuwa sheria ya raia wote, na aliyenufaika zaidi ni yule aliyekuwa nje ya lango.

Lakini serikali ile ile, ilipotaka kuwashika Waislamu kwa mkono wa siasa, iliwadhuru. Mwaka 1965 iliundwa National Association for the Advancement of Muslims, iliyojulikana kwa herufi zake NAAM, na kiongozi wake akawa Adoko Nekyon, waziri na jamaa ya Obote, aliyekuwa amesilimu. Shabaha ilikuwa kuwavuta Waislamu wawe upande wa UPC na kuwatenga na Kibuli, kwa kuwa Kibuli ilikuwa pamoja na Kabaka. Chama hicho hakikuitwa chama cha siasa, lakini kilifanya kazi ya siasa kwa jina la dini. Ugomvi uliingia mpaka misikitini; watu waliokuwa wakisimama bega kwa bega katika safu wakaulizana wewe ni wa NAAM au wa Kibuli. Na ifahamike kwamba Waislamu hawa walikuwa na majeraha ya zamani: tangu kufariki kwa Mbogo walikuwa wamegawanyika kati ya wale wa Juma na wale wa Juma-Zukuli, juu ya kusali Adhuhuri baada ya Ijumaa. Siasa haikuanzisha ugomvi. Ilikuta kuni kavu ikaleta kibiriti.

Katika miaka hiyo hiyo Abu Mayanja alitiwa kizuizini, mwaka 1968, kwa ajili ya maneno aliyoyaandika katika jarida la Transition juu ya katiba na mahakama. Hakufungwa kwa sababu ya Uislamu wake, wala hakujitetea kwa Uislamu wake. Alikuwa akitetea haki ambayo Mkristo na Mwislamu wangeihitaji kwa usawa. Kati ya Waislamu wawili wa siasa za wakati ule, mmoja akiwa juu ya kiti cha NAAM na mwingine akiwa gerezani, vijana watajionea wenyewe ni nani aliyeitumikia jamaa yake vizuri zaidi.

Kisha akaja Idi Amin, mwaka 1971. Hapa yafaa kusema polepole, kwa sababu wapo wazee katika mtaa huu ambao wanakumbuka miaka hiyo kwa njia mbili. Ni kweli kwamba Baraza Kuu la Waislamu, UMSC, liliundwa mwaka 1972 baada ya mkutano wa Kabale, na vyama vilivyokuwa vikigombana vikavunjwa. Ni kweli kwamba Baraza lilipewa kilima cha Old Kampala na majumba yaliyoachwa na Waasia waliofukuzwa mwaka huo. Mwaka 1974 Uganda iliingia katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, na kutokana na mkutano wa Lahore wa mwaka huo kikaja kupatikana Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale, kilichofunguliwa mwaka 1988, miaka tisa baada ya Amin kuondoka, nacho hupokea wanafunzi wa dini zote. Na msikiti mkubwa wa Old Kampala, ulioanzwa katika siku zake, ulifunguliwa mwaka 2008 kwa fedha za Libya.

Lakini utawala ule haukuwa wa Waislamu. Ulimchukua Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki, akiwa Jaji Mkuu, mwezi wa Septemba 1972. Ulimuua Shaban Nkutu, Mwislamu wa Busoga aliyekuwa waziri wa Obote, mwezi wa Januari 1973. Ulimuua Askofu Mkuu Janani Luwum, Mprotestanti, mwezi wa Februari 1977. Katika kuua haukubagua. Ila jina lake lilikuwa la Kiislamu, na vipawa vyake vilionekana kupelekwa msikitini, na bei yake ikadaiwa kwa watu wasiokuwa na madaraka yoyote. Ulipoanguka mwaka 1979, Waislamu wa Bushenyi, wakulima na wachuuzi, waliuawa na majirani zao. Majumba yale ya Old Kampala na kwingineko yaliingia katika kesi na magomvi, na wengine wakadai nyumba zao. Kitu kilichopatikana kwa mkono wa mtawala mmoja kikawa na umri wa mtawala huyo. Kibuli, iliyotolewa na mwenyewe kwa hiari yake, hakuna aliyekuja kuidai.

Katiba ya mwaka 1995 ilipotungwa, watungaji walikuwa na mambo haya yote mbele ya macho yao. Kifungu cha 7 kinasema kwamba Uganda haitakuwa na dini ya Serikali. Kifungu cha 71 kinakataza uanachama wa chama cha siasa kufungwa kwa dini, kabila au jinsia. Basi anayetaka chama cha Waislamu, hata kabla ya kushindwa kwa kura, amekwisha kushindwa kwa sheria. Wapo wanaodhani kuwa Serikali isiyo na dini ni Serikali inayomkana Mungu. Sivyo, nembo ya taifa hili imeandikwa Kwa Mungu na Nchi Yangu, na Idi zote mbili ni sikukuu za Serikali. Maana ya kifungu cha 7 ni kwamba Serikali haitakuwa mali ya msikiti wala ya kanisa, na kwa watu walio asilimia 13 kifungu hicho ni ukuta wa nyumba yao.

Wenye kuijua sira watakumbuka kwamba Waislamu wa mwanzo kabisa kuishi chini ya mfalme asiye wa dini yao waliishi upande huu wa bahari, Uhabeshi, yapata mwaka 615. Jaafar bin Abi Talib aliposimama mbele ya Najashi hakuomba sehemu ya ufalme. Alieleza dini yake kwa ukweli, akaomba wasirudishwe kwa waliowatesa. Mfalme Mkristo akawapa hifadhi.

Tanganyika nayo ililijaribu jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kilitokea chama kilichoitwa All Muslim National Union of Tanganyika, kikataka uhuru ucheleweshwe mpaka Waislamu wawafikie wengine katika elimu. Dai lilikuwa na msingi, kwani hali ya shule huko ilikuwa kama ya Uganda. Lakini Waislamu wenyewe, waliokuwa uti wa mgongo wa TANU, akina Bibi Titi Mohamed na wenzake, walikikataa, na chama kikafifia. Kenya, mwaka 1992, Islamic Party of Kenya ilinyimwa uandikishaji, Mombasa ikawaka moto kwa ghasia, na chama hakikuandikishwa. Ila Waislamu hao hao wa Kenya walipata kitu kingine. Katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 viongozi wengi wa makanisa waliwataka watu waikatae katiba mpya kwa sababu ilitaja mahakama za kadhi. Katiba ilipita kwa theluthi mbili ya kura, na mahakama za kadhi ndani yake. Kura hizo hazikuwa za Waislamu peke yao, maana hawafiki hata nusu ya hesabu hiyo. Mamilioni ya Wakristo walipiga kura ya ndiyo, kwa kuwa kadhi alikuwa amewekwa katika gunia moja na ugatuzi, ardhi na haki za raia wote.

Na hapa ndipo lilipo jambo zito kuliko yote kwa Mwislamu wa Uganda, wala lisifichwe. Katiba ya 1995, katika kifungu cha 129, imetaja mahakama za kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi, kama Bunge litakavyoagiza kwa sheria. Ilipotimia miaka 25 ya Katiba hiyo, mwaka 2020, Bunge lilikuwa halijaagiza. Mwenye kutaka chama cha dini atasema: mmeona? Angekuwapo mtu wetu, jambo lisingelala. Ni hoja yenye uchungu, na haijibiwi kwa kusema subirini. Hujibiwa kwa kuuliza nani aliyeudai mswada huo kwa pamoja. Mwaka 2009 Kibuli ilimtawaza Sheikh Zubair Kayongo kuwa Supreme Mufti, ilhali Mufti Shaban Mubajje alikuwa Old Kampala, na chanzo cha magomvi kilikuwa mali ya Waislamu iliyouzwa. Serikali iliyotaka kuchelewa ilipata udhuru mwepesi: tuzungumze na nani? Chama cha Waislamu kingeanzishwa siku hizo, kingekuwa vyama viwili kabla ya jua kutua.

Palipokuwa na neno moja, mambo yalikwenda. Sheria ya mabenki ilirekebishwa mwaka 2016 ikaruhusu benki zisizotoza riba, katika mswada ule ule uliowaruhusu mawakala wa benki kufanya kazi madukani. Mwaka 2023 benki ya kwanza ya namna hiyo ikapewa leseni. Walioitetea hawakusema ni haki ya Waislamu tu. Walisema ni njia ya mtaji kwa kila mfanyabiashara, na wabunge Wakristo wakaipigia kura.

Kamwokya yenyewe ni shule nzuri ya jambo hili. Ni mtaa uliolala chini ya Kololo, kando ya barabara ya Kira, wenye jumba la makumbusho ya taifa upande mmoja na vibanda vya mabati upande mwingine. Humu alikulia Robert Kyagulanyi, na mwaka 2020 chama chake cha National Unity Platform kiliweka makao yake makuu humu humu, kabla ya kuhama. Mganda, Msoga, Mnubi, mtu wa West Nile na Mkongo hukutana sokoni na kupatana bei kwa Kiswahili au Kiganda. Mvua ikinyesha, maji ya bondeni huingia kwa Hamisi na kwa Yosefu kwa kimo kimoja. Mwezi wa Julai 2018, watu walipochagua wenyeviti wa LC1 kwa kupanga mistari mchana kweupe, kila mtu alionekana amesimama nyuma ya nani. Mwenyekiti huyo ndiye anayeandika barua ya kumtambulisha mkazi, ndiye anayeitwa mtu akifiwa, ndiye anayesikiliza ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Mwislamu aliyeuchimba mtaro pamoja na jirani yake ana mstari mrefu nyuma yake. Aliyekuja na bendera ya dini atasimama na jamaa zake.

Imebaki habari ya mjane. Mume akifa, imamu huketi na ndugu, huhesabu mafungu ya mirathi kama yalivyoamrishwa, huandika karatasi na kuomba dua. Lakini karatasi ya imamu haina nguvu ya kumlazimisha shemeji aliyekwisha kuuza kiwanja. Mjane huyo hana haja ya kusikia historia ya 1888. Anataka kadhi mwenye muhuri wa Serikali. Kwa hiyo mgombea ubunge atakapofika Kamwokya, wa chama chochote na wa dini yoyote, aulizwe juu ya kifungu cha 129: atauleta mswada, atauunga mkono, au atanyamaza? Aulizwe katika mkutano wa watu wote, mbele ya majirani Wakristo, na wao waelezwe kwamba mahakama hiyo haitamhukumu asiyekuwa Mwislamu. Jibu lake liandikwe katika daftari la jumuiya, pamoja na tarehe, na arudipo baada ya miaka mitano kuomba kura, katibu alifungue daftari hilo na kulisoma kwa sauti kabla mgombea hajapewa nafasi ya kusema.